Waziri wa jimbo India: K. K. Shailaja alipanda vipi, na kwa nini aliachwa nje 2021?

MdauNgara
Habari zenu wadau. Tunaandaa mjadala hapa Nairobi kuhusu mawaziri wa kaunti, na tumemchagua K. K. Shailaja, aliyekuwa Waziri wa Afya wa jimbo la Kerala, awe mfano wa kulinganisha. Magazeti yanamsifu kwa kupambana na virusi vya Nipah na korona, halafu 2021 anashinda kwa kishindo na bado hapati wizara. Nani hasa humteua waziri wa jimbo, na nani humwondoa? Bunge lao humpiga msasa kama MCA (wawakilishi wa wadi) wanavyofanya hapa? Na rekodi za kuaminika ziko wapi?

Karani_SouthB
Weka kando picha ya kaunti kwanza, maana ndiyo inayopotosha. Kwetu, Kifungu cha 179 cha Katiba kinataka gavana ateue mawaziri wasio wajumbe wa bunge la kaunti, kisha MCA wawaidhinishe. Nairobi, pamoja na wadi zake 85, haiwezi kupita mawaziri kumi. India ni kinyume: waziri kwa kawaida hutoka ndani ya bunge la jimbo, na hapigwi msasa na mtu. Waziri Kiongozi, yaani mkuu wa serikali ya jimbo, anaandaa orodha ya majina, anampelekea Gavana, naye anawaapisha. Gavana wa huko hapigiwi kura na wananchi. Huteuliwa na Rais wa India, na kwenye orodha hiyo kwa kawaida hana lake. Kila waziri anakula viapo viwili, cha kazi na cha kutunza siri. Nani apewe wizara gani ni uamuzi wa Waziri Kiongozi, na tangazo lake linaweza kutoka baada ya watu kuapa. Kumwondoa ni njia ileile: Waziri Kiongozi anashauri, Gavana anatia sahihi.

Idadi yao imefungwa na Marekebisho ya 91 ya Katiba, ya 2003. Mawaziri, akiwemo Waziri Kiongozi, wasizidi asilimia 15 ya viti vya bunge la jimbo, wala wasipungue 12. Kabla ya hapo mambo yalikuwa holela. Uttar Pradesh mwaka 1997 ilikuwa na mawaziri zaidi ya 90. Kerala ina viti 140, kwa hiyo nafasi ni 21 tu, na hizo zigawanywe kwa vyama vyote vya muungano. Ukikosa kuzingatia hesabu hiyo, hutaelewa kwa nini mtu mwenye sifa nzuri anaweza kukosa nafasi.

Safari yenyewe huanzia kwenye karatasi za uteuzi. Mgombea awe na umri wa miaka 25 au zaidi. Anajaza Fomu 2B, anaambatisha kiapo cha Fomu 26 kinachotaja mali, madeni na kesi zake, na anaweka dhamana ya rupia 10,000, ambayo hupotea akikosa hata sehemu moja kwa sita ya kura halali. Mgombea wa chama kinachotambuliwa anahitaji mpendekezaji mmoja. Wa kujitegemea anahitaji kumi. Wengi huangukia kwenye Fomu A na B, ambazo chama hutumia kuthibitisha mgombea wake, na ambazo lazima zimfikie msimamizi wa uchaguzi kabla ya saa tisa alasiri ya siku ya mwisho. Zikichelewa, tiketi ya chama imekwenda. Na kiapo chenye nafasi zilizoachwa wazi kinaweza kukataliwa. Mahakama ya Juu ililikazia jambo hilo mwaka 2013.

Bonde_la_Siasa
Niongezee ya Shailaja mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa sekondari, akaacha kazi 2004 ili afanye siasa muda wote ndani ya CPI(M), Chama cha Kikomunisti cha India (Marxist). Bungeni aliingia mara ya kwanza 1996 kupitia Kuthuparamba, akarudi 2006 kupitia Peravoor, akashindwa hapohapo Peravoor 2011. Mwaka 2016 alirejea Kuthuparamba na kumwangusha K. P. Mohanan, aliyekuwa Waziri wa Kilimo. Hapo ndipo Waziri Kiongozi Pinarayi Vijayan alipomkabidhi Afya, pamoja na Haki za Jamii na Maendeleo ya Wanawake na Watoto.

Afya ya umma iko kwenye orodha ya mamlaka ya jimbo, si ya serikali ya taifa huko Delhi, kwa hiyo waziri wa jimbo ana kazi halisi mkononi. Mpango wa Aardram ulianza 2017, ukageuza zahanati za msingi kuwa vituo vya afya ya familia. Mei 2018 Nipah ikalipuka Kozhikode na watu 17 wakafa. Kilichoizuia isisambae ni kazi ya kuchosha: kuandika jina la kila aliyekutana na mgonjwa, kuwatenga watu hao, na kuwafuatilia siku baada ya siku hadi muda wa virusi kujitokeza upite. Mgonjwa wa kwanza wa korona India alipothibitishwa Thrissur tarehe 30 Januari 2020, jimbo lilikuwa tayari na watu wanaojua kazi hiyo. Mkitaka kumtumia kama mfano, tumieni hilo, si picha zake za magazetini.

Kuhusu 2021: Mei 2021 CPI(M) iliamua mawaziri wake wote wawe wapya isipokuwa Pinarayi. Kabla ya hapo ilikuwa imewanyima tiketi waliokaa bungeni vipindi viwili mfululizo, akiwemo Waziri wa Fedha Thomas Isaac. Shailaja alivuka kichujio cha kwanza, akanaswa na cha pili. Afya ikaenda kwa Veena George, Shailaja akawa kiranja wa chama bungeni (msimamizi wa nidhamu ya kura za wabunge wake), na aliukubali uamuzi hadharani. Naona kuwa Kerala ilipoteza uzoefu katikati ya janga, na sijaona hoja nzito ya kuhalalisha hilo. Mwaka 2024 aligombea bunge la taifa huko Vadakara akashindwa na Shafi Parambil kwa zaidi ya kura 100,000.

MdauNgara
Asanteni sana. Je, angeweza kuasi na kuhamia upinzani? Na kuna anayekuwa waziri bila kiti?

Karani_SouthB
Kuasi ni ghali. Jedwali la Kumi la Katiba, la 1985, linamvua kiti mbunge anayejitoa chamani au anayepiga kura kinyume na agizo la kiranja. Kinga ni moja: theluthi mbili ya wabunge wa chama wakubali kuungana na chama kingine. Na aliyevuliwa kiti kwa kuhama hawezi kuwa waziri mpaka achaguliwe tena au muhula wake uishe.

Bila kiti inawezekana, kwa miezi sita tu. Mamata Banerjee, Waziri Kiongozi wa West Bengal wakati huo, alishindwa Nandigram 2021, akaapishwa Mei, akapata kiti cha Bhabanipur kwenye uchaguzi mdogo wa Septemba. Tirath Singh Rawat, Waziri Kiongozi wa Uttarakhand, hakupata uchaguzi mdogo kwa wakati na akajiuzulu Julai 2021. Wala huwezi kujiuzulu na kuapishwa upya ili uanze miezi sita mingine. Mahakama iliziba mwanya huo 2001 katika kesi iliyotoka Punjab.

Takwimu_Kilimani
Rekodi: viapo vya Fomu 26 viko kwenye tovuti ya Tume ya Uchaguzi ya India, na matokeo ya kila eneo yapo hukohuko. Linganisha viapo vya miaka tofauti vya mtu yuleyule, mali na kesi, mstari kwa mstari.

Tahadhari kuhusu ushindi wa Shailaja kwa tofauti ya kura 60,963 huko Mattannur 2021. Msiuhesabu wote kuwa sifa yake. E. P. Jayarajan wa chama hichohicho alishinda hapo 2016 kwa tofauti ya zaidi ya kura 43,000, kwa hiyo ni ngome. Shailaja alihamishiwa huko kwa sababu Kuthuparamba ilipewa chama mshirika, na aliyesimamishwa ni Mohanan yuleyule ambaye Shailaja alimwangusha 2016, sasa akiwa upande wa muungano wao. Vilevile mipaka ilichorwa upya 2008, hivyo Kuthuparamba ya 1996 si Kuthuparamba ya 2016. Mkiweka namba hizo kwenye jedwali moja, andikeni mwaka wa mipaka kando ya kila safu.