Wateja wanapiga picha samaki hadi anapoa. Nifanyeje bila kuwafukuza?

MamaNgege_Kisumu
Hamjambo wadau. Nina hoteli ndogo ya samaki upande wa Dunga, hapa Kisumu kando ya ziwa, meza nane tu. Naomba ushauri kabla sijaamua kwa hasira.

Kwangu mteja huchagua ngege (tilapia) wake angali mbichi. Anaparwa, anachanjwa, anakaangwa, na anayetaka wa mchuzi anaongezewa nyanya na vitunguu. Hapo ni kama nusu saa. Zamani watu walipiga gumzo wakisubiri, siku hizi kila mtu ameinamia simu. Hilo sina neno nalo. Shida huanza sahani zikifika. Mmoja anasema, "Ngojeni, msiguse!" Anasimama akiinamia meza yote, anamgeuza samaki, anatafuta mwanga wa ziwa, kisha anakaa kuchagua picha ya kuposti. Ugali unakauka juu. Halafu naitwa: "Mama, tupashie moto, huyu amepoa." Ngege akirudi kwenye mafuta anakuwa mgumu, na lawama ni za mpishi.

Kinachoniuma zaidi ni watoto. Juzi mama alikuwa akimlisha mwanawe huku kidole kiko kwenye skrini, mtoto akakwamwa na mwiba. Alikohoa ukatoka, Mungu ni mwema, lakini niliogopa sana.

Nafikiria kuzima waifai na kubandika tangazo: SIMU MARUFUKU MEZANI. Lakini karibu wote wananilipa kwa till, yaani kwa simu, na wageni wengi wa kutoka Nairobi wanasema walituona kwenye picha za mtu. Nisaidieni.

MzeeWaChoma
Mama, tangazo hilo usilibandike. Mimi niko Nakuru, nachoma nyama, na simu hizi nimezitazama miaka mingi. Nikuulize: wateja wako wananawa wapi?

MamaNgege_Kisumu
Kuna sinki pale mlangoni, mzee wangu. Wananawa wakiingia.

MzeeWaChoma
Basi tatizo liko hapo. Mtu ananawa akiingia, anakaa nusu saa anashika simu, halafu anamega ugali kwa mikono ile ile. Hata usafi haupo. Rudisha birika na beseni mezani. Sahani zikitua, weita awe amesimama hapo na maji ya vuguvugu na sabuni, aanze na mkubwa wa meza. Mtu aliyenawa, mwenzake anamngoja kwa beseni, hawezi kurudi kwenye simu. Na samaki haliwi kwa mkono mmoja. Kwangu nilifanya hivyo, na sikuhitaji kumkataza mtu.

Picha wapige mapema. Waite jikoni wakati wa kuchagua samaki, hapo ndipo anapopendeza, anang'aa.

Nyar_Nam
Naongea kama mteja. Kaka yangu yuko Doha, na kila nikila ngege ananiomba picha. Nikikuta marufuku sitarudi. Lakini nikiambiwa "dada, njoo umpige picha akiwa kwenye karai," nitafurahi na nitakutangazia bure.

Wakili_Mdogo
Tahadhari moja, kwa sababu najua utaanza kuposti mwenyewe. Samaki posti utakavyo. Sura ya mteja, omba ruhusa kwanza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza faini ya shilingi 1,850,000 sehemu moja ya burudani Nairobi kwa kuposti picha ya mteja bila idhini yake. Watoto ndio kabisa, bila idhini ya mzazi usiguse.

WeitaMstaafu
Till iweke kaunta, isiwe mezani. Mtu amalize, anawe, alipe akitoka. Na kaunta usiangalie ujumbe wa malipo kwenye simu ya mteja, ngoja ule unaoingia kwenye simu yako, maana kuna za kughushi. Waifai iache. Wanaosubiri nusu saa bila chochote watakusumbulia weita.

MamaNgege_Kisumu
Asanteni sana. Mzee wa choma, hilo la birika limeniingia, marehemu mama yangu alikuwa akinawisha wageni hivyo hivyo. Bado wazazi. Nimwambieje mama wa watu aweke simu chini amtazame mtoto, bila kumvunjia heshima?

Dani_wa_Seme
Usimwambie kitu, mwanangu. Meza yenye mtoto mdogo, muulize mzazi kama mtoto aletewe minofu ya mbuta (sangara) badala ya ngege. Mbuta mifupa yake ni mikubwa, inaonekana, na minofu ikikatwa vizuri inatoka bila mwiba. Hata hivyo ipapase kwa vidole kabla haijatoka jikoni. Iandike kwenye menyu kama chakula cha watoto, uiuzie bei yake.

MamaNgege_Kisumu
Dani, naanza wikendi hii. Birika na beseni za bei nafuu napata wapi?

WeitaMstaafu
Soko la Kibuye, siku ya Jumapili. Nenda asubuhi, na chukua birika zenye mdomo mrefu, hazimwagi maji mapajani mwa mteja.