Mnaobandika orodha za "waasisi wa majimbo ya Marekani" mnatupotosha

Wakuu, hii tabia ya kunakili orodha na kuibandika humu bila hata kuisoma imezidi. Inaibuka ileile kila mara, kama kwenye ule uzi wa "waasisi wa majimbo ya Marekani": "Oglethorpe aliasisi jimbo la Georgia mwaka 1732." Sentensi moja, makosa matatu!

1732 ni mwaka wa hati ya Mfalme George II wa Uingereza ya kuruhusu koloni lianzishwe. Walowezi wa kwanza, wakiongozwa na Mwingereza James Oglethorpe, walifika Savannah, Georgia, Februari 1733. Hati yenyewe hakupewa Oglethorpe, walipewa wadhamini 21 wa London, yaani wasimamizi wa koloni, naye akiwa mmoja wao. Na kilichoanzishwa ni koloni. Georgia iliridhia Katiba ya Marekani Januari 2, 1788, wakati Oglethorpe alishaondoka huko tangu 1743 na kufia Uingereza 1785. Jimbo gani hilo aliloasisi?

Halafu mnatia chumvi kwamba walowezi walikuwa "wafungwa wa madeni". Wazo la kuwasaidia wadaiwa lilikuwepo, lakini waliopanda Anne, meli iliyoleta walowezi wa kwanza, walikuwa zaidi mafundi na wachuuzi wenye hali ngumu, waliochujwa na wadhamini wenyewe. Tomochichi, kiongozi wa Wayamacraw, wenyeji wa asili wa hapo, aliyekubali wakae kwenye mwinuko wa kando ya mto, hamumtaji. Mary Musgrove aliyewakalimania ndiyo kabisa.

Kinachoudhi zaidi ni kuandika kwamba wadhamini "walipinga utumwa" na kuishia hapo. Marufuku ya utumwa ya 1735 ilikuwa na hesabu ya ulinzi ndani yake: Wahispania wa Florida, mahasimu waliokuwa jirani, walikuwa wanawapa uhuru watumwa waliotoroka makoloni ya Waingereza. Mlowezi aliyelipiwa safari alipewa ekari 50, asiziuze, na mrithi awe mwanamume. Ng'ambo ya mto Savannah, matajiri wa South Carolina wanavuna mpunga kwa jasho la watumwa. Unategemea nini? Walowezi wakalalamika mpaka London ikachoka. Kuanzia Januari 1, 1751 utumwa ukaruhusiwa, na 1752 wadhamini wakamrudishia mfalme koloni lake.

Kwa majimbo ya baadaye, kusaka mwasisi mmoja ni kujichosha bure. Sheria ya 1787 ya eneo la kaskazini-magharibi mwa Marekani ya wakati huo, kaskazini mwa mto Ohio, ilitaka hivi: kwanza gavana wa kuteuliwa, wakitimia wanaume huru 5,000 wachague baraza, wakazi huru wakifika 60,000 waandike katiba na kuomba kuingia kwenye muungano kama jimbo. Idadi ingeweza kulegezwa, na Ohio ililegezewa 1803. Nevada nayo haikufikisha 60,000 mwaka 1864, ila chama cha Rais Lincoln kilihitaji kura, katiba ikatumwa Washington kwa telegrafu na jimbo likapita siku 8 kabla ya uchaguzi. Hapo mwasisi mtamwandika nani, fundi wa telegrafu?

Mods, ule uzi ubadilishwe kichwa, usomeke "makoloni", na mwaka wa hati utenganishwe na mwaka wa kuingia kwenye muungano. Mleta mada akikataa, ufungwe.