Ndege dakika 45, kusubiri masaa 7, halafu dogo wa kaunta ananiuliza "kwani Bukoba mbali?"

Wadau nimetoka uwanjani sasa hivi nina hasira hata simu naibonyeza vibaya. Shirika sitaji, mnawajua, ni wale wale.

Tiketi saa 3 asubuhi, Mwanza kwenda Bukoba. Hewani haifiki hata kilomita 200, unakata ziwa dakika 40, 45 ikizidi sana, soda hujaimaliza unaambiwa funga mkanda tunashuka. Mimi ndiye mshenga, wazee wananisubiri Kamachumu, suti nimeipiga pasi mpaka inakata kidole. Saa 3 ukungu Bukoba. Saa 5 ukungu. Saa 7 ukungu umeisha, sasa ndege ndio haipo, imeenda Dar. Nikamfuata dogo wa kaunta kwa heshima zote, kijana wangu tunaondoka saa ngapi? Hata macho hakuinua, anamenya chungwa, CHUNGWA jamani, maganda yanadondokea kwenye tiketi yangu, akasema "mzee kwani Bukoba mbali?"

Mzee! Nina miaka 36! Na kama sio mbali si anibebe mgongoni??

Saa 10 wakatangaza safari imefutwa, njooni kesho. Posa nimeitoa kwa simu, laudispika, mtandao unakatakata, nasema tumeona ua bustanini kwenu huko inafika "tumeona u...", mzee mmoja anauliza wameona uchawi? Na yule bado anakula chungwa. Kwani Bukoba mbali. Nitakufa na hilo neno.

Nyavu_Kuukuu: Pole mkuu. Ila hujajibu swali, kwani Bukoba mbali? 😂😂

BintiKemondo: Ungepanda meli jana usiku saa hizi ushakula senene unapiga mbweu. Ujuaji wa ndege umekuponza.

Konda Mstaafu: Basi siku hizi halisubiri kivuko, Kigongo Busisi unapita juu ya daraja kilomita 3, Sengerema, Geita, Biharamulo, huyo Muleba. Na konda hamenyi chungwa, anakuuzia.

Omuhaya_Original: Bukoba haiko mbali. Mwanza ndio iko mbali.

BintiKemondo: Wameanza hawa 🙄

Mama Wawili Pasiansi: Bora wewe hukubeba mzigo. Mimi nilipeleka Dar boksi la minofu ya sato, wakanitoza kilo za ziada, kufika limevuja kwenye begi la mchungaji, nimeombewa kwa hasira.

Nyavu_Kuukuu: Minofu ya sato ulinunua wapi?

Mama Wawili Pasiansi: Kirumba Mwaloni.

Nyavu_Kuukuu: Hiyo sangara mama. Umepigwa.

Mama Wawili Pasiansi: Mimi mtoto wa ziwani nisijue sato??

Konda Mstaafu: Weka picha.

Mleta uzi: Jamani uzi ni wa ndege, kesho saa 3 narudi tena pale, nikimkuta na chungwa nifanyeje?

Omuhaya_Original: Mzee subiri kwanza, tunamalizana na huyu wa sangara.