Naomba ushauri: baba mkwe na sikio la Trump
Wakuu, niko Moshi. Baba mkwe wangu haamini kabisa kwamba Trump alipigwa risasi sikioni kule Butler, Pennsylvania, Julai 13, 2024. Anasema ni maigizo. Nikamkumbusha kuna mtu aliuawa palepale mkutanoni. Akanyamaza, kisha akaleta ya Wray, mkurugenzi wa FBI wakati ule, aliyeliambia Bunge la kwao kuna swali kama ilikuwa risasi au kipande cha kitu kingine. Hapo mzee ana hoja, sikatai. Ila siku mbili baadaye FBI wenyewe walisema ni risasi, nzima au vipande vyake. Yeye: "Wamebanwa hao!"

Jumapili tunakutana tena kwenye mbege, na mashemeji wote watakuwepo. Nimjibuje bila kumvunjia heshima? Au nimwache tu?