Ulinganisho: Ukurasa wa Kirby wa 1977, ukurasa wa Billy Graham, au mwongozo wa rangi?

Binti Pangani (Maryland)

Salaam, wanajamvi. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiweka akiba ili ninunue mchoro mmoja wa asili wa Black Panther, shujaa wa majarida ya Marvel, wa miaka ya 1970, yaani karatasi yenyewe iliyochorwa kwa mkono kabla ya kupelekwa kiwandani, si jarida lililochapishwa. Sasa nimepata wauzaji watatu kwa wakati mmoja, na fedha zangu zinamtosha mmoja tu.

Wa kwanza anauza ukurasa wa jarida la Black Panther ambalo Jack Kirby alianza kuliandika na kulichora mwaka 1977, ukiwa umetiwa wino na Mike Royer, yaani yeye ndiye aliyefuatisha penseli ya Kirby kwa wino. Ni ukurasa wa kisa cha chura wa shaba wa Mfalme Sulemani. Umejaa mitambo na moshi, na Panther mwenyewe anaonekana katika kijisanduku kimoja, tena kwa mgongo. Wa pili anauza ukurasa wa mchoraji Billy Graham kutoka jarida la Jungle Action, ambamo Panther yumo karibu katika kila kijisanduku, ila kuna kipande cha karatasi kilichobandikwa juu ya kiputo cha maneno, na gundi yake imeacha doa la kahawia. Bei za hizi mbili hazipishani sana. Wa tatu anauza mwongozo wa rangi, yaani nakala ya ukurasa iliyopakwa rangi kwa mkono ili kuwaelekeza watayarishaji wa uchapaji, kutoka Jungle Action hiyo hiyo, kwa bei ambayo ni kama sehemu moja ya kumi ya hizo nyingine. Kaka yangu naye anasema niachane na yote hayo, nimlipe mchoraji aliye hai anichoree kitu kipya.

Nitautundika ukutani na sina nia ya kuuza. Mngechagua upi, na kwa sababu gani?

Mtia Wino (Columbus, Ohio)

Dada, karibu. Nitaanza na kaka yako, kwa sababu jibu lake ni fupi: mchoro wa kuagiza ni jambo zuri na humpatia msanii riziki moja kwa moja, lakini haukuwahi kupita kwenye meza ya mhariri wala kuingia katika hadithi yoyote, kwa hiyo hauwezi kulinganishwa na ukurasa uliochapishwa. Ni biashara nyingine kabisa.

Sasa Kirby. Watu husikia jina hilo wakafikiria mwaka 1966, Panther alipotokea kwa mara ya kwanza katika Fantastic Four namba 52, wino ukiwa wa Joe Sinnott. Kurasa za wakati ule zilichorwa kwenye karatasi kubwa, takriban mara mbili ya ukubwa wa jarida kwa kila upande, na pambizoni Kirby aliandika kwa penseli maelezo ya kinachoendelea ili mwandishi Stan Lee aweze kujaza mazungumzo baadaye. Kati ya 1967 na 1968 kampuni zilihamia karatasi ndogo ya inchi 11 kwa 17, eneo la kuchora likiwa inchi 10 kwa 15, na huo ndio ukubwa wa kurasa zote mbili unazouziwa. Tena, mwaka 1977 Kirby alikuwa mwandishi na mhariri wa jarida lake mwenyewe, hivyo hakuwa na haja ya kumwandikia mtu maelezo pambizoni. Kwa hiyo ukurasa wa muuzaji wa kwanza ni wa Kirby kweli, lakini usiununue ukidhani unapata kile ambacho wakusanyaji wakubwa hukisifu.

Unachopata ni kitu kingine chenye uzito wake. Royer alijulikana kwa uaminifu: alifuata kila mstari wa penseli wa Kirby bila kuuremba wala kuupunguza, na mara nyingi aliandika hata herufi za maneno yeye mwenyewe. Mtia wino mwingine, Vince Colletta, kwa mfano, alizoea kufuta majengo na watu wa nyuma ili amalize kazi haraka, na ukisimama mbele ya ukurasa wake wa Thor unaweza kuona penseli iliyofutwa mahali ambapo palipaswa kuwa na umati. Kwa Royer hakuna hasara ya namna hiyo. Mitambo unayoilalamikia ndiyo Kirby mwenyewe; wengi hununua kurasa zake kwa ajili ya mitambo hiyo.

Hata hivyo, mimi ningechukua Graham.

Billy Graham alikuwa miongoni mwa wasanii weusi wachache waliofanya kazi Marvel wakati huo. Ndiye aliyetia wino toleo la kwanza la jarida la shujaa mweusi Luke Cage mwaka 1972 juu ya penseli ya George Tuska, na alipopewa Jungle Action mwaka 1974 aliingia katikati ya hadithi ndefu ya Don McGregor iliyofanyika Wakanda kwenyewe, nchi ya kubuniwa ya Panther, wahusika karibu wote wakiwa weusi, jambo ambalo majarida ya mashujaa ya Marekani yalikuwa hayajalizoea. Mpangilio wake wa ukurasa si wa vijisanduku sita vilivyopangwa kama madirisha ya bweni. Mara mwili wa Panther unakata ukurasa mzima, mara herufi za kichwa cha hadithi zinakuwa sehemu ya mandhari. Jarida lilisitishwa mwaka 1976 kisa kikiwa hakijaisha, na Kirby alipoanza lake hakuendeleza chochote cha McGregor. Wasomaji wa wakati ule walikasirika, na sijui kama wote wamesamehe.

Kobe wa Mnadani (Toronto)

Nakubaliana na Mtia Wino kuhusu sanaa, lakini kuna suala la bei ambalo dada hajaliuliza. Je, bei hizo mbili "zisizopishana sana" zinatajwa kwa namna moja? Ikiwa mmoja ni mnada na mwingine ni mtu binafsi, zinapishana kuliko unavyodhani.

Mfano maarufu: mwaka 2012 jalada la Amazing Spider-Man namba 328 la Todd McFarlane liliuzwa na Heritage Auctions ya Dallas kwa dola 657,250. Mwaka 2014 ukurasa wa mwisho wa Incredible Hulk namba 180, ambapo Wolverine anaonekana kwa mara ya kwanza, kazi ya Herb Trimpe iliyotiwa wino na Jack Abel, uliuzwa na kampuni hiyo hiyo kwa dola 657,250. Vitu viwili tofauti, miaka tofauti, bei ile ile mpaka dola ya mwisho. Si muujiza. Nyundo iligonga kwenye 550,000 mara zote mbili, na ada ya mnunuzi ilikuwa asilimia 19.5, ambayo ni dola 107,250. Kwa hiyo unapoandika dau lako, liandike ukijua kwamba karibu moja ya tano itaongezwa juu yake, na bado hujalipa bima na usafirishaji.

Nikiwa hapo hapo: usivutwe na rekodi. Ukurasa wa Secret Wars namba 8 wa Mike Zeck, wenye vazi jeusi la Spider-Man, uliuzwa kwa dola milioni 3.36 mwaka 2022, na tangu siku hiyo kila mwenye ukurasa wa miaka ya 1980 anazungumza kama ana shamba la mafuta. Bei za Panther nazo zilipanda baada ya filamu ya 2018. Ukurasa ulionunuliwa kwa hamu ya filamu mara nyingi hurudi sokoni, na subira katika biashara hii haijawahi kumtia mtu hasara kubwa.

Mama Karatasi (Mombasa)

Nimefanya kazi ya kuhifadhi nyaraka kwa muda mrefu, kwa hiyo ninawasomea hao watatu kwa jicho la karatasi.

Doa la gundi kwenye ukurasa wa Graham lisikutishe. Wahariri walibandika masahihisho kwa gundi ya mpira, nayo hugeuka kahawia kadiri miaka inavyopita; ni alama ya kazi, na kipande chenyewe kisibanduliwe, kwa sababu huenda maneno ya chini yake ndiyo yaliyobadilishwa dakika ya mwisho. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni sehemu nyeusi pana. Baadhi ya watia wino wa miaka hiyo walijaza weusi kwa kalamu za felti badala ya brashi na wino wa India, na weusi wa felti hupauka ukawa zambarau au kahawia. Omba picha ya karibu ya vazi la Panther, iliyopigwa mchana bila mwanga wa taa.

Mwongozo wa rangi mnaupuuza bure. Ukurasa ulipokwisha kutiwa wino ulipunguzwa kwa picha hadi karibu na ukubwa wa jarida, kisha msanii wa rangi akapaka nakala hiyo kwa mkono na kuandika alama pembeni: Y ni njano, R nyekundu, B buluu; 2 ni asilimia 25, 3 ni asilimia 50, na herufi bila namba ni rangi kamili. Viwango vinne, ukihesabu na kutotia wino kabisa, vya wino wa aina tatu vinazaa rangi 64, na hizo ndizo zote walizokuwa nazo. Mwongozo ulipelekwa Bridgeport, Connecticut, kwa watu waliotengeneza filamu za rangi, kabla jarida halijachapishwa. Kwa jarida ambalo karibu kila mhusika ni mweusi, kuona kwa macho yako jinsi msanii alivyochanganya alama hizo ili ngozi zitofautiane ni jambo ambalo ukurasa wa wino hauwezi kukupa. Ubaya wake ni mmoja, nao ni mkubwa: rangi zile za maji hufa kwenye mwanga. Wewe unataka kutundika ukutani. Mwongozo wa rangi hukaa kwenye jalada, gizani, ukafunguliwa siku za wageni.

Wino wa India nao unavumilia, lakini karatasi haivumilii. Weka kioo kinachozuia miale ya urujuanimno, tumia kadi isiyo na asidi nyuma yake, na usiutundike ukuta unaopigwa na jua. Huku kwetu pwani ningeongeza kwamba unyevu ukizidi, madoadoa ya kutu huanza na wadudu wa karatasi hawachelewi, ila kwa Maryland shida yako itakuwa zaidi ukavu wa kipasha joto wakati wa baridi.

Mzee wa Pambizo (Nairobi)

Nimesoma yote, na hakuna aliyeuliza karatasi hizi zilitokaje kampuni.

Kwa miaka mingi kampuni zilihesabu michoro kama mali yao, na nyingine ziliiharibu au kuigawa ovyo. Marvel ilianza kuwarudishia wachoraji kurasa mpya katikati ya miaka ya 1970, lakini za zamani zilibaki ghalani. Mwaka 1984 Kirby alitakiwa kutia saini hati ya kurasa nne, tofauti na ile fupi waliyopewa wengine, ndipo arudishiwe sehemu ya kazi yake. Aligoma, wachoraji wenzake wakamuunga mkono, na mwaka 1987 alipata takriban kurasa 1,900 kati ya maelfu mengi aliyoyachora. Kurasa zake nyingi za miaka ya 1960 zinazozunguka sokoni leo hazikuwemo humo, na hakuna risiti inayoeleza zilivyotoka.

Kwa hiyo ukurasa wa 1977 una njia safi zaidi kuliko ule wa 1966 ambao kila mtu anautamani. Ulirudi kwa wasanii kwa utaratibu wa kawaida, ambao mara nyingi ulimpa mwenye penseli theluthi mbili za kurasa na mtia wino theluthi moja. Ukurasa wa Graham uko kwenye mpaka: 1974 hadi 1976 ndicho kipindi utaratibu ulipokuwa unaanza. Muulize muuzaji aliupata kwa nani, na huyo naye kwa nani.

Binti Pangani (Maryland)

Shikamoo, Mzee. Nimemuuliza muuzaji wa ukurasa wa Graham usiku huu huu. Anasema aliununua katika maonyesho ya miaka ya 1980 kutoka kwa mtu aliyeupata kwa msanii mwenyewe, lakini hana maandishi. Picha ya nyuma ya karatasi hajanitumia bado. Nikiipata nitazame nini?

Mtia Wino (Columbus, Ohio)

Tazama kama kuna mhuri wa Comics Code Authority, chombo kilichokagua maadili ya majarida ya katuni, ambao mara nyingi uligongwa nyuma. Upande wa mbele, omba picha isiyokatwa pambizo, ili uone jina la jarida na namba ya ukurasa juu, penseli ya buluu ya wahariri, na rangi nyeupe ya kusahihishia. Kisha akuinamishie karatasi mbele ya taa ya pembeni: penseli iliyofutwa chini ya wino huacha mfereji. Nakala iliyofuatishwa juu ya meza ya mwanga huwa safi mno, mistari yote imekwenda sawa tangu mwanzo.

Mwisho, fungua toleo lililochapishwa na ulinganishe kijisanduku kwa kijisanduku, hasa kile kiputo kilichobandikwa. Kama maneno ya juu ya kibandiko ndiyo yaliyochapishwa na ya chini yanaonekana tofauti ukiangazia kwa nyuma, umeshapata ushahidi ambao mghushi hangeufikiria.

Binti Pangani (Maryland)

Ahsanteni. Nimemwomba anipigie picha kibandiko hicho kikiwa kimeangaziwa kwa nyuma. Mama Karatasi, mwongozo wa rangi nao nimemwambia muuzaji aniwekee hadi mwisho wa mwezi.

Kobe wa Mnadani (Toronto)

Mwulize kwanza kama bei yake ni pamoja na posta.