Lagos wiki ya tatu: nimekosea wapi?

Kutoka: Mgeni wa Yaba

Wana ukumbi, salaam. Wakubwa shikamooni.

Nimehamishiwa Lagos kikazi, leo wiki ya tatu, nimepanga Yaba. Nyumba nimepata, laini ya simu nimepata, na jirani amenionyesha namna ya kuwasha jenereta. Kinachonishinda ni watu. Kila mmoja anaongea kama ana kesi. Sokoni nikiuliza bei kwa ustaarabu naambiwa nipaze sauti. Ofisini siku ya kwanza tulijitambulisha, wenzangu wakataja vyeo, shahada, hadi vyuo walivyosoma. Ilipofika zamu yangu nikasema nitakuwa nasaidia-saidia upande wa hesabu. Jamani, nina CPA ya uhasibu na miaka 9 kazini! Tangu siku hiyo natumwa kutoa fotokopi. Kijana niliyemzidi umri ananiita jina langu kavu, na mwenyewe anataka aitwe Engineer.

Hawa ndugu wanajisikia hivi kwa kila mtu, au ni mimi? Nipeni mbinu kabla sijaomba kurudishwa Dar.

Kutoka: Jirani wa Lekki (Mkenya)

Pole bwana. Lakini umejiita msaidizi, wakakuamini. Kosa lao liko wapi? Mtu wa Lagos hana muda wa kukufunua kama sufuria aone ndani mna nini. Jumatatu ingia useme wewe ni nani. Na Engineer akitaka fotokopi, mwonyeshe mashine ilipo.

Kutoka: Binti Tanga, Surulere

Kaka, karibu Lagos. Nimeolewa huku, huu mwaka wa 12, nafundisha sekondari. Aliyosema Jirani wa Lekki ni kweli ila ameishia mlangoni.

Sisi tumelelewa kwamba mtu mzima hajisifu, anasifiwa na wenzake. Ukiulizwa kazi unasema "nabangaiza tu", na aliyekuuliza anajua namna ya kukutafsiri. Huku mtafsiri hakuna. Ukisema unabangaiza, basi unabangaiza. Kwa hiyo ukitaja jina lako, taja na kazi yako, na mwambie katibu muhtasi aiandike mlangoni. Huku hilo halihesabiwi majivuno, ni kama kuvaa shati kabla ya kutoka nje. Engineer, Barrister, Chief, Alhaji, Alhaja, vyote hutamkwa, na asiye na cheo ataitwa Oga, yaani bosi, hata kama anauza vocha.

Lakini usiishie kusikia kelele. Sikiliza kinachosemwa ndani yake. Wiki yangu ya kwanza nilijikwaa kwenye kifuniko cha mtaro pale Ojuelegba, na watu kama watano nisiowajua wakasema kwa pamoja, "Sorry o!" Mzungu hapo hushangaa, unaniomba msamaha wa nini, kwani wewe ndiye uliyenisukuma? Mimi nilielewa palepale. Ni pole yetu. Na Wayoruba neno lao lenyewe ni *pele*. Pole, pele! Nilikaa kwenye ngazi ya duka nikacheka peke yangu huku goti linavuja damu. Ukimpita mtu yuko kazini, hata anayezibua mtaro, unamwambia "well done", au kwa Kiyoruba *e ku ise* (hilo la mwisho tamka "ishe"). Si ndiyo pole na kazi? Wana salamu ya namna hiyo kwa aliyekaa, aliyetoka safari, aliyefiwa. Mtoto wa Kiyoruba anampigia mkubwa magoti au analala kifudifudi, mkubwa huambiwa "nyinyi" hata akiwa peke yake. Aliyefundishwa shikamoo hawezi kusema watu hawa hawana adabu. Adabu yao ina sauti, basi.

Nikupe kisa. Nilipanda danfo, daladala ya huku, Yaba kwenda Oshodi. Konda hakuwa na chenji (huwa hawana, ni kama sheria), akanikabidhi noti moja mimi na mama mmoja tuliyeshuka naye kituo kimoja, tukagawane wenyewe. Ndio utaratibu wa huku, abiria mnaunganishwa. Na mama yule tangu tupande alikuwa anagombana: na konda kuhusu nauli, na dereva kuhusu mwendo, na abiria wa nyuma kuhusu siasa. Nikasema moyoni, hela yangu imekwenda. Alinishika mkono akanizungusha kwenye meza saba za wauza vocha na ndizi za kukaanga, hakuna mwenye chenji, naye anawafokea wote. Meza ya nane akapata. Akanihesabia changu, halafu akaniongezea naira 50 yake ninunue maji, maana nilikuwa na mimba na jua lilikuwa kali. Hakuniuliza hata jina. Akaondoka akigombana na mwendesha keke, yaani bajaji.

Sokoni ni hivyohivyo. Ukilipa bei ya kwanza umemkosesha mwenzio biashara na mazungumzo. Bishana, ondoka, akuite "customer!", rudi. Mkishapatana omba *jara*, nyongeza yako. Atakutupia nyanya mbili kwa mkono uleule aliokuwa anakupungia kwa hasira, na utagundua hamkuwa mnagombana. (Mkono wa kushoto usitoe wala usipokee. Hilo unalijua kutoka kwenu.)

Na ukitaka kujua kujiamini huko kuna faida gani, muulize mtu yeyote wa Lagos habari za Dkt. Ameyo Stella Adadevoh. Julai 2014 mgonjwa aliyetoka Liberia alilazwa kwenye hospitali aliyokuwa akifanya kazi, wakidhani ni malaria. Daktari akashuku Ebola, na Nigeria ilikuwa haijawahi kupata mgonjwa wa Ebola hata mmoja. Maofisa wa Liberia wakamshinikiza amruhusu mtu wao aende mkutanoni Calabar. Akakataa. Fikiria mtu yule angetoka akaingia kwenye jiji hili la danfo na masoko. Nchi nzima waliugua watu 20, wakafa 8, na mmoja wao ni daktari mwenyewe, tarehe 19 Agosti. Oktoba 20 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba Nigeria haina tena Ebola. Kaka, "hapana" aliyoisema daktari yule ni ileile inayokuudhi kwenye foleni ya benki.

Kutoka: Mzee wa Peckham

Wanangu, marahaba.

Mimi Nigeria sijaishi. Nimeishi Peckham, London, ambako ni karibu sawa. Naongeza kidogo kwa sababu vijana mnaongea kana kwamba tumekutana na hawa watu jana.

Januari 1964 jeshi letu la Tanganyika liliasi, na maasi yakazimwa na Waingereza. Mwalimu hakutaka Waingereza wakae, aibu ilikuwa imetosha. Aprili kikaja kikosi cha Nigeria kutulinda huku tukiunda jeshi jipya. Halafu tarehe 13 Aprili 1968, Tanzania ikawa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, nchi ya Waigbo waliojitenga na hiyohiyo Nigeria. Miaka minne tu!

Kinyozi wangu Myoruba hajasahau. Kila nikikaa kitini ananikumbusha kwamba sisi ni wasaliti, kisha akimaliza anakataa hela, eti mzee halipi. Jirani yangu Muigbo naye, siku alipojua natokea Tanzania, alipiga hodi na sufuria ya wali mwekundu, ambayo mpaka leo sijairudisha. Jambo moja, mmoja ananidai na mwingine ananishukuru, na wote wananilisha.

Huyo jirani ndiye aliyenieleza. Vita vya Biafra vilipokwisha 1970, Muigbo aliyekuwa na akaunti benki alipewa pauni 20, hata angekuwa na elfu ngapi. Wakaanza upya kwa mtindo wao wa kumchukua kijana. Kijana anamtumikia mwenye duka miaka kadhaa, analala na kula kwake, anajifunza biashara. Muda ukiisha, bwana wake anampa mtaji akafungue duka lake, mara nyingi la bidhaa zilezile, pengine mtaa uleule. Hebu fikirini ni mtu wa namna gani anayemfungulia mshindani wake duka kwa hela yake mwenyewe. Mwenye wasiwasi na nafsi yake hawezi.

Kutoka: Mama Watatu, Abuja

> adabu yao ina sauti, basi

Dada yangu, msiwapambe sana. Mimi nimeona oga akimfokea dereva wake mzee mbele ya watoto. Nimeona msichana wa kazi anakula jikoni amesimama, wageni wakishaondoka. Kuna swali huku, "Do you know who I am?", na anayeuliza hasubiri jibu. Kujithamini kwa mkubwa wakati mwingine kunalipiwa na mdogo. Sisemi kwetu hakuna, tunajuana. Ila mgeni asije akadhani dawa ni kupaza sauti. Kaka, ukishapata cheo chako, kumbuka mlinzi wa getini naye ni "Oga". Mwite hivyo uone kama gari lako litakosa maegesho.

Kutoka: Mzenji wa Kano

Mnasema Nigeria mnamaanisha Lagos. Nchi ina lugha zaidi ya 500.

Huku Kano ukiongea kama Yaba wataona hukulelewa. Kuna kitu Wahausa wanakiita *kunya*, yaani haya, na mtu mzima anapimwa nacho. Asubuhi ni *ina kwana*, halafu habari za nyumba, za kazi, mpaka unaulizwa habari ya uchovu: *ina gajiya?* Nawe unajibu hakuna uchovu, hata kama mgongo umekatika. Labari ni habari, lafiya ni afya, sirri ni siri. Mwezi wa kwanza nilikuwa nadandia maneno yao kama daladala.

Lakini neno lililonishika ni *mutunci*. Mutum ni mtu, na mutunci limetoka hapohapo, kama utu kwetu. Mwenye duka jirani yangu alinifafanulia kwa mfano: anayekubali kudhalilishwa hana mutunci, na anayemdhalilisha mwenzie naye hana. Nikamuuliza, sasa ni heshima yako au huruma kwa wengine? Akanitazama kama nimeuliza maji ni ya kunywa au ya kuoga.

Kutoka: Mgeni wa Yaba

Asanteni wote. Mzee shikamoo, na sufuria irudishe.

Jumatatu niliingia, nikasubiri kikao kianze, nikasema jina langu kamili, mhasibu, CPA, miaka 9, nimewahi kusimamia ukaguzi wa matawi manne. Mikono ilikuwa inatetemeka chini ya meza. Engineer akasimama, akaja kunishika mkono kwa mikono miwili: "Oga, why you no talk since?" Mbona siku zote hukusema? Alikuwa ameumia kweli, kama mtu aliyefichwa jambo na ndugu yake. Mchana akaninunulia chakula. Jioni akamwita fundi wa jenereta kwangu na kumfokea hadi akashusha bei.

Mlinzi sasa namwita Oga. Mama Watatu, maegesho sihitaji, gari sina, lakini ananishikia mwavuli.

Sasa kuna tatizo jipya. Engineer ananialika harusi ya dada yake Ibadan, Jumamosi ya wiki ijayo, na amenitajia bei ya kitambaa cha sare, *aso ebi*. Bei hiyo ingelisha nyumba yangu Dar mwezi mzima. Nakataaje bila kumvunjia heshima?

Kutoka: Binti Tanga, Surulere

Usikatae. Mwambie utachukua kofia tu, *fila*. Wanaume wengi hufanya hivyo, wanavaa nguo yao nzuri na kofia ya sare, na hakuna anayeuliza. Kanzu nyeupe unayo?

Wakianza kumwagia maharusi noti, wewe weka yako kwenye bahasha. Sheria ya Benki Kuu ya 2007 inakataza kurusha naira, na 2024 mtu maarufu alifungwa miezi 6 kwa hilo. Ondoka alfajiri, barabara ya Ibadan haitabiriki. Nenda na njaa. Na kanzu ipige pasi usiku huu, kabla NEPA (watu wa umeme) hawajachukua umeme wao.