Tupeane uzoefu: siku ya kujitolea iliyoenda mrama

Katibu_wa_Bondeni
Waungwana, salaam aleikum na hamjambo. Klabu yetu imetoa ratiba. Juni 14 ni kuchangia damu. Septemba, Jumamosi ya tatu, kusafisha ufuo. Oktoba kambi ya macho. Hapo katikati tumeweka kupanda mikoko upande wa Tudor hapa Mombasa, siku itatangazwa.
Hiyo kambi ya macho imenikumbusha moja ya nyuma. Tuligawa namba mapema, tukajiona tumejipanga. Asubuhi kila mwenye namba amekuja na nduguye asiye na namba, na wote wanataka miwani ya bure, hata vijana wanaosoma maandishi ya matatu kutoka ng'ambo ya barabara. Matone ya macho yakaisha kabla ya adhuhuri. Daktari akajifungia ndani ya gari akanywa chai.
Nanyi je? Semeni ya kwenu, tujifunze kabla ya kuaibika tena.

Mama_Samira
Miwani tena! Mama mkwe wangu alitoka na jozi mbili. Moja ya kusomea Kurani, ya pili ya kutazamia jirani.

Chumvi_na_Ndimu
😂😂 Bi mkubwa huyo anajua mipango.

Mzee_wa_Baraza
Ya macho ninayo. Jirani yangu alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, akipapasa ukuta kwenda msikitini. Akapasuliwa moja kwenye kambi ya klabu, bila malipo. Kesho yake bandeji ikafunguliwa, mkewe amesimama mbele. Akamtazama kwa muda akasema, "Kumbe na wewe umezeeka." Bibi akamgeukia nesi: "Mrudisheni ndani mkamfunge."

Nahodha_Mstaafu
Macho na miwani ni mzaha. Mikoko ndiyo iliyonifanya niandike, maana nimesoma "siku itatangazwa" mwili ukanisisimka. Katibu, hiyo siku anaitangaza nani? Mwenyekiti au mwezi?
Sikilizeni. Sisi tulipanda upande wa Mikindani, kule hori la Tudor, ule mkono wa bahari, linakoingia ndani. Tumeambiwa saa tatu asubuhi, na saa tatu tumefika. Ilikuwa bamvua, siku za maji kupwa na kujaa sana, mwezi umeandama juzi tu. Aliyelelewa karibu na maji anajua, bamvua hapa kwetu maji yanapwa kama saa nne asubuhi, kisha yanaanza kurudi, na saa kumi jioni yamejaa pomoni. Kati ya kupwa na kujaa ni zaidi ya mita 3 za maji. Kwa hivyo wakati wa kuwa topeni ni ule mmoja.
Lakini kuanza haturuhusiwi, mgeni wa heshima hajafika. Miche imepangwa, hema limefungwa, spika zinapiga, fulana zinagawiwa. Saa nne. Saa tano. Kulikuwa na mzee mvuvi anashona wavu wake pembeni, akatwambia, "Wanangu, bahari haina mgeni wa heshima." Akaambiwa mzee subiri kidogo.
Saa sita kasorobo magari yakaingia. Hotuba ya kwanza. Hotuba ya pili. Ya tatu ya kuwashukuru wale wawili. Tukateremka topeni saa saba inagonga, watu wazima na watoto wa shule, na mpiga picha anatuita twende mbele zaidi, anataka maji yaonekane nyuma yetu.
Sasa, maji ya hori hayaji kwa mbele kama wimbi la Nyali ukaliona na kukimbia. Yanapita kwenye vijito, kimyakimya, yanakuzunguka kwa nyuma. Nilipogeuka, kile kijito tulichokiruka kwa hatua moja kimefika magotini. Mara kiunoni kwa watoto.
Kuna mama mmoja, buibui lake na mwili wake wa heshima, amezama mpaka mapajani. Akivuta mguu wa kulia, wa kushoto unashuka. Viatu alishavisahau. Tulimshika wanaume watatu, tope likamng'ang'ania kama linamdai kodi. Akaanza kutoa shahada. Mimi moyoni nasema, huyu akishafika kwenye shahada, sisi tulioingia na soda mkononi tutoe nini?
Mzee wa wavu hakusema neno. Akasukuma mtumbwi wake mpaka pale, akang'oa ubao wa kukalia, akaulaza juu ya tope. "Mama, lala kifudifudi. Usisimame. Tambaa." Lala! Mbele ya watu na kamera! Akalala, akatambaa, akatoka. Watoto mzee akawavusha kwa mafungu, wadogo kwanza.
Mgeni wa heshima yeye alipanda mche wake wa mchu pale ukingoni penye mchanga, akapigwa picha, akaondoka na viatu vyake safi. Kesho yake mbuzi wameula. Na ile tuliyochomeka mbele, maji ya jioni yaliing'oa, ikawa inaelea horini.

Dada_Kisauni
Subhanallah. Huyo mama alipona?

Nahodha_Mstaafu
Mzima kabisa. Ndiye mweka hazina wetu sasa. Risiti anakagua, topeni hateremki.

Chumvi_na_Ndimu
"Hotuba ya tatu ya kuwashukuru wale wawili" 😂 Nimemtambua mwandaaji.

Sema_Kweli_001
Mimi nitasema msilotaka kusikia. Klabu hizi ni za picha. Fulana mpya, bango kubwa, saa moja ufuoni, kisha chakula hotelini. Pesa ya fulana ingenunua mapipa ya taka ya mtaa mzima.

Mama_Samira
Na wewe umetoa pipa gani, kaka?

Sema_Kweli_001
Mimi sijiiti klabu, dada.

Mzee_wa_Baraza
Vijana, taratibu. Picha zina kazi yake, anayetoa pesa lazima aone ilikokwenda. Lakini na huyu hakukosea yote. Hizo klabu kubwa zenyewe, Rotary ya 1905 na Lions ya 1917, zote zilianzia Chicago kwa watu wa biashara kula pamoja mchana. Huduma ikakua baadaye. Hata hii ya macho, Helen Keller, yule Mmarekani asiyeona wala kusikia, alikwenda kuwaomba watu wa Lions mwaka 1925 wawapiganie wasioona, wakaishika mpaka leo. Rotary nao wakaishika polio tangu 1985, na 2020 Afrika ikatangazwa haina tena virusi vya polio vya asili. Kwa hivyo kula si dhambi. Dhambi ni kula kisha mkalala.

Sema_Kweli_001
Mzee, sisi Pwani tulikuwa tukizikana, kuozana na kujengeana nyumba bila kadi ya uanachama. Chicago ya nini?

Mzee_wa_Baraza
Basi njoo utujengee hema Oktoba, bila kadi.

Mtaalamu_wa_Matope
Nirudi kwa mikoko, maana naona mnamlaumu mgeni peke yake. Mlipanda nini na wapi? Mikoko ni aina nyingi: mlilana ndio unaokaa mbele kabisa kwenye maji. Mkoko wenyewe unataka tope la katikati. Mchu unavumilia hata kule nyuma penye chumvi na mchanga. Mkichomeka mkoko mahali pa mlilana, hata mngeanza alfajiri ungeng'oka. Na si lazima kitalu. Okota yale matunda marefu ya mkoko yaliyokomaa na kuanguka, chomeka ncha chini, basi.

Dada_Kisauni
Hapana, kitalu ni bora. Kikundi chetu cha akina mama tunaotesha kwenye pakiti tupu za maziwa, mche unakwenda ukiwa na mizizi na majani.

Mtaalamu_wa_Matope
Na hizo pakiti mnaziokota baada ya kupanda? Nimezikuta nyingi topeni.

Dada_Kisauni
Tunaziokota sisi. Za wengine usituulize.

Kijana_wa_Likoni
Ufuo nao una mambo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017, na kweli imepungua, lakini chupa na kandambili mtazikuta tele. Mara ya mwisho nilitoa kandambili za mguu wa kushoto gunia zima, wa kulia hakuna. Sijui baharini huko nani anatembea.
Jambo jingine: jamani msikusanye majani ya baharini yaliyokauka. Yale si taka, yanashika mchanga. Tulikuja na wageni wakajaza magunia ya majani, chupa zimebaki zinawatazama.

Chumvi_na_Ndimu
Hizo kandambili za kushoto peleka Lamu, wale waliounda jahazi la Flipflopi kwa plastiki na kandambili wanazijua kazi yake.

Bi_Saada_wa_Majengo
Na damu mbona hamuisemi? Mimi niliwahi kurudishwa kwa uzani, hawachukui chini ya kilo 50. Mwanangu wa kiume yeye hutoa kila baada ya miezi mitatu, sisi wanawake minne. Mara ya kwanza alianguka puu, kwa sababu alikwenda na njaa akitegemea soda na biskuti zao.

Sema_Kweli_001
Damu ukitoa bure, ndugu yako akilazwa unaambiwa ulete watu wengine watoe. Ile ya kwanza imekwenda wapi?

Bi_Saada_wa_Majengo
Imekwenda kwa mtoto wa mwenzio, mwanangu. Damu haiwekwi mwaka mzima, kwenye friji haizidi siku 35. Ndiyo maana kila siku wanaomba.

Mama_Samira
Kula kabla ya kutoa, lakini si viazi karai.

Chumvi_na_Ndimu
Mimi nilikula viazi karai na sikuanguka.

Mama_Samira
Wewe nesi alikuogopa.

Katibu_wa_Bondeni
Nimesoma yote, na nimempigia mwenyekiti. Damu iko palepale. Mikoko: mzee mmoja wa wavuvi ndiye atakayechagua siku, na saa tatu tunateremka, mgeni awepo asiwepo. Hotuba zitakuwa baada ya pilau. Watoto wa shule wabaki ukingoni kwenye kitalu. Oktoba namba za macho zitagawiwa nyumba kwa nyumba na mzee wa mtaa, si getini. Bw. Sema Kweli, hema nimekuandika.

Sema_Kweli_001
Nitakuja. Fulana sivai.

Nahodha_Mstaafu
Leteni na mbao ndefu, zisiwe za kuazima. Na kamba.

Kijana_wa_Likoni
Sisi wa ng'ambo nauli klabu inalipa?

Mama_Samira
Feri kwa miguu ni bure, baba. Ukifika huku panda tuktuk kwa pesa yako.